Mwanamke Aliyepima Anga la Murangi

Watu wote pale Murangi wanamwita Mama Werema, kwa jina la mwanaye wa kwanza, kama inavyotakiwa kwa mwanamke aliyezaa. Mtu mmoja tu ndiye anayemwita Dorah, na mtu huyo ni mume wangu.

Sasa niambie, wewe ungekaa kimya?

Mimi ni Sabiha, mtoto wa Bunda mjini, nimeolewa hapa Musoma na Hamduni, fundi wa majokofu. Ukishuka Mwigobero ukauliza fundi friji, utaonyeshwa kibanda chake. Mafriza yote pale mwaloni, samaki wanaposhushwa, yameshapita mikononi mwake. Mimi wananiita Mama Kudura, na yeye mwenyewe ananiita hivyohivyo, Mama Kudura. Jina langu la Sabiha sijalisikia mdomoni mwake tangu Kudura azaliwe. Halafu anatoka huko mtu wa dagaa, anaitwa Dorah, Dorah, kama msichana wa shule.

Na kuna kile kipimajoto. Kimetengenezwa kama bastola. Unaelekeza kitu, unabonyeza, kinakwambia joto lake bila kukigusa. Hamduni anakitumia kupima mafriza, na anakipenda kupita kiasi. Miaka yote hiyo mimi sijawahi kukishika. Nikinyoosha mkono tu, "Kitadondoka, Mama Kudura." Basi siku moja amerudi kutoka Murangi kutengeneza friza la mtu, anafungua begi la vifaa, bastola haimo.

"Kiko wapi?" nikamuuliza.

"Nimemwachia Dorah. Anapimia anga."

Anga! Mimi hata sufuria sikuruhusiwa kupima, yeye kaachiwa anga zima.

Tangu siku hiyo nilianza kumchunguza huyo mwanamke. Nina rafiki yangu, Nyamburi, ananunuaga dagaa Murangi na kuwauza hapa mjini, na mdomo wake hauna breki. Nilimkalisha, nikampa chai na maandazi, nikamwambia anieleze kila kitu. Akanieleza, tena kwa kumsifia, jambo lililoniuma zaidi.

Dorah kazaliwa Kiriba, nyumba ya wavuvi. Mama yake alikuwa mke wa pili, na aliletwa pale bila mke mkubwa kuambiwa. Mke mkubwa alirudi kutoka shambani akakuta mwanamke jikoni kwake anapika. Nyamburi anasema wale wanawake wawili hawakusalimiana mpaka mmoja alipozikwa. Watoto wa jiko hili hawakula kwenye jiko lile, na Dorah alikua akijua kwamba chungu cha mama mkubwa hakigusiki. Shule aliishia kati. Akaolewa na mvuvi mmoja, Mugeta, akazaa watoto wawili, kisha Mugeta akaenda kuvua visiwani na kupata mwanamke mwingine huko, na hajaonekana tena. Dorah hakumfuata. Alijenga vichanja vyake ufukweni, vya miti na nyavu, akaanza kukausha dagaa.

"Na anawakausha kweli," Nyamburi akasema. "Wenzake dagaa wao wanachachaga, wanageuka njano. Wa kwake weupe, wanalia kachakacha ukiwashika."

"Kwani ana jua lake peke yake?"

"Jua ni lilelile. Wenzake wanaharibikiwa na umande. Dagaa wa jioni hajakauka sawasawa, ukimwacha nje akilowa umande, asubuhi huna kitu. Wenzake wakiona mawingu wanakimbia kufunika, wakiona anga jeupe wanaacha wazi. Mama Werema anafanya kinyume. Anga likiwa jeupe ndiyo anafunika."

"Na hayo kayajulia wapi?"

Nyamburi akakwepa macho yangu, akachukua andazi lingine. "Si mume wako huyo kamfundisha."

Mnaona.

Kwa haki, na mimi kanifundisha, au alijaribu. Hamduni alikwenda semina ya mafundi huko Bunda, wakaambiwa habari za gesi za majokofu. Kwamba fundi akiiachia gesi ipotee hewani, inakwenda kuungana na nyingine zinazozuia joto la dunia lisitoke. Alirudi mtu mwingine kabisa. Siku hizi gesi ya friji bovu anaikamata kwenye mtungi, hata mteja akimpigia kelele kwamba anachelewesha. Na jioni tukikaa barazani, ndiyo hiyo hiyo.

"Mama Kudura, sogeza mkono ukutani."

Nikasogeza. Jua limeshazama lakini ukuta bado una moto.

"Unalisikia hata kabla hujagusa, si ndiyo? Hilo joto halionekani, lakini ardhi yote inalitoa sasa hivi, linapanda juu. Mchana tunapokea mwanga wa jua, na joto hili ndilo tunalorudisha. Kama hakuna cha kulikamata, linaenda moja kwa moja nje ya dunia."

"Sawa."

"Hewa nyingi iliyopo hapa hailigusi, linapita tu. Kinacholikamata ni mvuke wa maji, na hewa ya ukaa, na hizi gesi zangu. Zinalimeza halafu zinalitoa tena, sehemu linakwenda juu, sehemu linaturudia. Wingu ndilo kabisa. Ndiyo maana siku ya mawingu kunakuwaga na joto mpaka asubuhi, na anga likiwa kavu tunatetemeka."

"Sawa, baba Kudura. Mchele huu una mawe, duka lile siendi tena."

Nilikuwa nachambua mchele, jamani. Mtu ana njaa, ana mtoto, ana mawe kwenye ungo, atasikiliza habari za joto linalopanda? Namjibu sawa, anaendelea, namjibu sawa tena. Nilidhani hivyo ndivyo mke anavyomsikiliza mume.

Lakini kutoka Murangi alikuwa anarudi anacheka peke yake. "Dorah kaniuliza swali leo, nimeshindwa kujibu." "Dorah anasema hivi." "Dorah kapima juu ya ziwa na juu ya kilima, kaona tofauti." Na safari za Murangi zikaongezeka, wakati mafriza ya Murangi hayajaongezeka. Mwanamume wa Kiislamu ana nafasi ya mke mwingine, hilo silikatai, dini ni dini. Lakini mimi nilikuwa sitaki. Sitaki kugawana mume, sitaki siku zangu na siku zake, sitaki kumpikia mtu aliyetoka kwa mwenzangu. Niliona nyumba yangu inaondoka huku naitazama. Usiku natafuna kucha, mchana namwangalia Hamduni akinyoa ndevu, najiuliza ananyoa kwa ajili ya nani.

Nikamdanganya kwamba nakwenda Bunda kumwona mama. Nikaenda Murangi.

Na nilivaa. Sikwenda kinyonge. Nilivaa dira jipya, nikajipiga udi, hina mikono na miguu, kiatu cha kisigino. Nimefika ufukweni, kisigino kinazama mchangani, nzi wa dagaa wananipenda kuliko mtu yeyote, na wanawake wote wameacha kazi wananitazama. Nikauliza, Mama Werema ni nani? Akainuka mwanamke mmoja kwenye kichanja, peku, kanga kiunoni, magamba ya dagaa yamemganda mpaka kwenye viwiko.

Hakuwa mzuri. Nilimkagua juu mpaka chini, hakuwa mzuri! Mikono mikubwa, kisogo kirefu, sauti ya kuitia mtumbwi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Angekuwa mzuri ningeelewa, uzuri unaishaga. Huyu, mume wangu alikuwa anamfuatia kitu kingine, na kitu hicho sikukiona, na usichokiona utapigana nacho vipi?

"Karibu, dada. Umetoka mbali?"

"Musoma. Nanunua dagaa."

Sikumwambia jina. Akanikaribisha kivulini, akaninawisha mikono mwenyewe, akaniletea ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kuchemsha, akanitafutia kandambili zake nivue vile viatu. Nilitaka kukataa. Lakini njaa ilikuwa inauma, na furu, lazima niseme, alikuwa mtamu. Hilo nalo lilinikera.

Jioni ikafika. Jua linazama, wenzake wanaangalia anga, jeupe, halina hata wingu, wanafurahi wanaacha dagaa wazi wanaondoka zao. Dorah akaingia ndani, akatoka na bastola. Ile ile. Imefungwa kitambaa kisafi, imetunzwa kuliko kwangu. Akaielekeza mchangani, akabonyeza, akanionyesha: ishirini na mbili. Akaielekeza juu kabisa.

"Soma, dada."

Nikasoma. Hasi nane.

"Juzi kulikuwa na wingu, ilisoma kumi na mbili," akasema. "Leo juu ni kukavu. Mvuke mchache, wingu hakuna, kwa hiyo joto la dagaa wangu litapanda na hakuna wa kulirudisha. Watapoa kuliko hata hewa yenyewe, na umande utatafuta pa kukaa. Nikiwafunika, wanaiangalia turubai badala ya kuiangalia hiyo hasi nane. Turubai inawarudishia joto lao."

"Na mvua?"

"Mvua naijua kwa upepo wa ziwani. Mwizi wangu ni umande."

Alisema kwa furaha, mwanamke mzima, kama mtoto aliyepewa zawadi. Halafu akaongeza, bila mimi kumuuliza, akishika ncha ya turubai: "Fundi mmoja wa huko kwenu Musoma ndiye alinielewesha. Mtu mzuri. Nakaribia kuolewa naye, Mungu akipenda."

Nikajikaza. "Hana mke?"

"Anaye. Ndiyo maana nilichelewa kumjibu. Nilimwambia, mimi nimekulia kwenye ugomvi wa majiko mawili, sirudii. Nataka nisikie mdomoni mwa mke wako kwamba ameridhia. Akasema hakuna shida, alimweleza jioni moja wamekaa barazani, mke akamjibu, 'Sawa, baba Kudura, fanya unavyoona.'"

Wee! Nilisimama, sahani niliyokuwa bado nimeipakata ikaanguka.

"Sawa gani?" nikapiga kelele. "Sawa ya mvuke ile! Sawa ya mawingu! Mimi nachambua mchele, yeye anaongea habari za joto na ukaa, namjibu sawa, sawa, sawa, kumbe ameliingiza na lako humohumo katikati! Mimi ndiye Mama Kudura! Nilikubali wingu, sikukubali mke mwenza!"

Wanawake waliokuwa wanaondoka wakarudi. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha tangu Musoma, nimeyapanga vizuri, ya mama yake yamo, ya magamba yamo, ya mume aliyemkimbia visiwani yamo. Nikafungua mdomo.

Dorah hakurudi nyuma. Alinitazama, akatazama dira langu na hina yangu, na nadhani akaelewa safari yote. Uso ulimshuka. Alikuwa amempenda, yule mwanamke. Nililiona wazi, na hata hapo niliona wivu: kwamba aliweza kumpenda mume wangu kiasi hicho, kwa habari zilezile zilizonichosha mimi.

"Basi sema," akaniambia taratibu.

"Niseme nini?"

"Nilitaka nisikie mdomoni mwa mke wake. Yeye akaniletea kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa umefika. Sema, nami nitalishika hilo."

Matusi yote yakapotea. Watu wanasikiliza, ziwa limetulia, na mimi nina neno moja tu.

"Sitaki."

"Nimesikia," akasema Dorah.

Akainama akashika ile ncha ya turubai. "Nishikie upande huo, dada. Umande hautatusubiri."

Unadhani ningefanya nini? Nilishika. Tulifunika kichanja kimoja, tukaenda kingine, mimi na dira langu la udi, yeye na magamba yake. Alinilaza kitandani kwake, yeye akalala kwa jirani. Asubuhi nilipotoka, vichanja vya wenzake vilikuwa vinachuruzika maji na wanawake wameshika viuno. Alipofunua vya kwake, dagaa walikuwa wakavu. Nikawagusa. Kachakacha.

Akaniletea bastola kwenye kitambaa chake. "Mrudishie. Aliniazima tu."

"Na wewe utapimia nini?"

"Nimeshazoea. Nikitoka nje jioni, uso wenyewe unaniambia."

Ningekuwa mwanamke mwema ningemwachia. Niliichukua. Nikaiweka ndani kabisa ya mkoba na kufunga zipu, na gari lilipoondoka sikugeuka kumpungia mkono.

Nilipofika nyumbani niliiweka mezani mbele ya Hamduni. Hakuuliza mama yangu wa Bunda anaendeleaje. Aliiangalia, akaniangalia miguuni, nikakumbuka nimerudi na kandambili za Dorah.

"Amesemaje?" akauliza.

"Amesema amesikia. Na mimi nasema na wewe unisikie: ukitaka jambo kwangu, niite jina langu, niangalie usoni, uniulize hilo peke yake. Usinipakie ndoa kwenye mawingu."

"Nilikuuliza, Mama Kudura. Ulisema sawa."

"Ulijua sisikilizi!"

Alijua. Aliirudisha bastola kwenye begi, akaenda kazini. Safari za Murangi zikakoma. Nilishinda, Nyamburi ananiambia mpaka leo kwamba nilishinda, na kwamba Mama Werema anaendelea na dagaa wake, bado weupe, na wenzake wawili watatu wameanza kumwiga kufunika.

Lakini barazani kukawa kimya. Hamduni anakaa, anakunywa kahawa, anatazama simu. Namuuliza, leo mbinguni kukoje? "Kawaida." Joto limezidi, eti? "Ndiyo msimu." Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikaanza kuona kwamba Dorah yuko palepale barazani, kwenye hicho kimya, amekaa kati yetu na magamba yake.

Basi nikakusudia. Kama ni maswali ndiyo yaliyompeleka Murangi, na mimi nina kichwa. Nilifikiri siku nyingi, nikipika, nikifua. Nilirudia kila alichowahi kuniambia na kila nilichokiona kule ufukweni. Na nikapata swali, langu mwenyewe, halijatoka kwa mtu. Jioni moja nikaweka ungo pembeni, nikageuza kiti nikamkabili.

"Hamduni." Sikumwita baba Kudura. "Ulisema mvuke wa maji ndio unaokamata joto jingi kuliko gesi zote. Na ziwa hili hapa linatoa mvuke kila siku, hakuna anayelizuia. Sasa mnahangaika na hewa ya ukaa na gesi za friji za nini? Si ni kidogo tu?"

Aliweka simu chini. Alinitazama, na uso wake ukafunguka namna ambayo sijaiona tangu siku za uchumba. Nikasema, nimempata.

"Swali zuri sana hilo," akasema. "Dorah aliniuliza hilohilo, siku ya kwanza."

Halafu akanijibu. Alisogeza kiti karibu, akasema mvuke haukai, ukizidi unakuwa mvua, unashuka. Unafuata joto tu: hewa ikiwa na joto inabeba mwingi, ikipoa inabeba kidogo. Hewa ya ukaa hainyeshi, inarundikana miaka na miaka, inakamata joto ambalo mvuke umeliacha lipite, hasa kule juu ambako hewa ni kavu. Inapasha kidogo, na hicho kidogo kinaifanya hewa ibebe mvuke zaidi, na mvuke unaongeza juu yake. Hicho kidogo ndicho kinachoanzisha yote, akasema, na mikono yake ilikuwa inachora hewani, na macho yake yanang'aa, yanatazama juu ya bega langu, upande wa Murangi.

Nilielewa kila neno. Sikusema sawa hata mara moja.